Kiti kipi ndani ya ukumbi? Nunua pembe kwanza, ukaribu baadaye

Swali: Nataka kununua tiketi mbili, yangu na ya mwanangu wa miaka 9, za mechi ya mpira wa kikapu, kisha za tamasha la muziki litakalofanyika baadaye kwenye ukumbi uleule. Ramani ina sehemu za namba 100, 200 na 300, na viti vya sakafuni ambavyo ni ghali kuliko vyote. Je, hivyo vya ghali ndivyo bora? Halafu mimi nikikaa juu sana napata kizunguzungu. Nichagueje?

Jibu: Hapana, si lazima vya ghali viwe bora, na ukiwa na mtoto wa miaka 9 tofauti inaonekana wazi zaidi. Bei ya kiti hufuata ukaribu na hadhi. Macho yanataka vitu vingine viwili: kimo cha kutosha ili wa mbele wasikuzibe, na pembe inayokuonyesha tukio zima. Nunua hivyo kwanza, na fedha ikibaki ndipo uongeze ukaribu. Ujue pia kwamba kiti kizuri cha mechi huenda kisifae kwa tamasha hata kama jengo ni moja, kwa sababu mechi huchezwa katikati ya ukumbi na jukwaa la muziki kwa kawaida huwekwa upande mmoja.

Tuanze na kichwa cha mtu wa mbele, maana hicho huharibu jioni za watu wengi kuliko umbali. Kutoka machoni hadi utosini ni kama sentimita 12. Wasanifu wa kumbi hupima mstari wa macho yako unapita sentimita ngapi juu ya macho ya aliyekaa mbele yako. Ukipita kwa sentimita 12, unaona juu ya kichwa chake bila shida. Kwa 9 bado ni pazuri. Kwa 6 inabidi utazame kati ya vichwa viwili, na aliye mbele akiegemea upande mmoja, nawe unahama. Chini ya hapo utakuwa unatazama visogo.

Hesabu yake si ngumu. Chukua mtu aliyekaa mita 20 kutoka mstari wa pembeni wa kiwanja, macho yake yakiwa mita 6 juu ya sakafu ya kiwanja, na wewe uko safu moja nyuma yake, sentimita 80 kati ya safu na safu. Kama safu yako imepanda sentimita 40 kuliko yake, mstari wako wa kuona unapita sentimita 15 juu ya macho yake. Ikipanda 30, unapita karibu sentimita 6. Ikipanda 20 tu, mstari wako unapita karibu sentimita 4 chini ya macho yake, yaani unagonga kichwa chake. Umbali ni uleule, na bei pengine ni ileile, lakini mmoja anaona mchezo na mwingine anaona nywele.

Huwezi kwenda na futi ya kupimia, lakini picha za ukumbi zitakuambia. Tafuta picha iliyopigwa kutoka pembeni ya safu, uone sakafu ya safu ya nyuma iko usawa gani na kiti cha safu ya mbele. Ikiwa iko usawa wa mahali pa kukalia, hapo pamepanda sentimita 40 au zaidi na utaona vizuri. Ikiwa iko usawa wa katikati ya miundi ya aliyekaa mbele, pita mbali. Safu za kwanza za tabaka la chini (kwa kawaida ndizo sehemu za 100) mara nyingi zimejengwa juu ya viti vya kukunja vinavyovutwa na kusukumwa, na hivyo huwa na mpando mdogo. Ndiyo maana safu ya 12 inaweza kuwa bora kuliko ya 4.

Sasa mtoto. Macho ya mtoto wa miaka 9 aliyekaa yako chini ya ya mtu mzima kwa takriban sentimita 15 hadi 20. Rudi kwenye hesabu: hata mahali pale pazuri pa sentimita 15, yeye anabaki usawa wa macho ya aliye mbele au chini kidogo. Kwa hiyo usitegemee mpando peke yake. Mtafutie kiti kilicho kando ya njia ya kupandia, upande ambao kiwanja au jukwaa lipo kwa mshazari kupitia njia hiyo, ili atazame juu ya ngazi tupu badala ya juu ya bega la mtu. Au chukua safu ambayo mbele yake hapana kiti kabisa: ya kwanza ya tabaka, au ile inayofuata baada ya njia pana ya kupita. Koti lililokunjwa likawekwa chini yake humwongezea sentimita 5 hadi 10, na sentimita hizo zina thamani kuliko safu tatu za ukaribu.

Safu ya kwanza ya tabaka nayo ina mtego wake. Mbele yake kuna uzio wa kuzuia watu wasianguke. Ukiwa wa kioo, mna bahati. Ukiwa wa bomba la chuma, mtu mzima huona juu yake, lakini mtoto anayetazama chini kiwanjani hukuta bomba limepita katikati ya macho yake na mchezo. Mwishoni mwa kila njia ya ngazi uzio huo hupanda zaidi, hadi karibu mita 1.1, na viti viwili au vitatu vya kila upande wa njia hupata kivuli chake. Kwa mtoto, safu ya kwanza yenye chuma ni mbaya kuliko ya tatu.

Kuhusu kizunguzungu chako: kumbi nyingi hufanya tabaka la juu kuwa la mteremko mkali kwa sababu hesabu ileile ya vichwa inalazimisha. Kadiri macho yanavyopanda juu ya kiwanja, ndivyo kila safu inavyohitaji kupanda zaidi ili imwone mchezaji aliye karibu. Sentimita 55 kwa kila sentimita 80 ni mteremko wa kama nyuzi 34, na wajenzi wengi hawazidi 35. Anayeogopa kimo hutaabika zaidi akiwa safu ya kwanza ya tabaka la juu, kwa kuwa mbele yake ni hewa tupu, na akiwa kwenye kiti cha kando ya ngazi. Hutulia kidogo akiwa safu ya tano hadi ya kumi, katikati ya watu, migongo ikiwa mbele yake. Lakini kwa hali yako, usipande huko kabisa kama tabaka la chini au la kati lina nafasi hata pembeni. Ikibidi, angalia mlango wa kuingilia tabaka hilo uko chini au juu ya safu zako, na ufike kabla taa hazijazimwa. Kushuka ngazi za namna ile gizani, na mtoto mkononi, si jambo la kujaribu.

Mechi ya kikapu

Kiwanja cha kimataifa ni mita 28 kwa 15, na cha NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ni kikubwa kidogo tu, mita 28.65 kwa 15.24. Tofauti hiyo haikuhusu. Kinachokuhusu ni kwamba kuna vikapu viwili, na karibu nusu ya mchezo itakuwa kwenye kila kimoja. Ukikaa usawa wa mstari wa kati, mita 12 kutoka mstari wa pembeni, kila kikapu kiko kama mita 23 kutoka kwako. Ukikaa nyuma ya mstari wa mwisho kwa mita 10, kikapu cha karibu kiko chini ya mita 12 na cha mbali kiko zaidi ya mita 36. Upande wa mbali unabanana: wachezaji hupangana mmoja nyuma ya mwingine na huwezi kujua nani amebaki huru.

Safu za chini kabisa pembeni mwa kiwanja zinasifiwa sana, na mtu anayependa kusikia viatu vikilia na makocha wakipaza sauti atafurahi. Lakini macho yako yatakuwa mita 1.2 juu ya sakafu, na mbele yako kuna watu kumi wenye urefu wa mita mbili hivi wakipishana. Upande wenye mabenchi ya timu, kocha husimama, na wachezaji wa akiba huruka kila mpira unapoingia. Katikati kuna meza ya makarani wa mchezo. Hizo zote ni sababu za kupanda. Ninachokushauri ni tabaka la chini, kati ya mstari wa kati na mstari wa mitupo huru, macho yakiwa mita 5 hadi 8 juu ya kiwanja. Katika kumbi nyingi hiyo ni safu ya 10 hadi 20. Hapo utaona nafasi kati ya wachezaji, na mchezo wa kikapu ni mchezo wa nafasi.

Bei ikikushinda, hamia kona, usihamie nyuma ya kikapu. Kona ya safu ya 12 hadi 20 inakupa kiwanja chote kwa mshazari na ni rahisi zaidi. Nyuma ya kikapu, safu za chini hukutana na nguzo, mkono wa chuma unaobeba ubao, na ubao wenyewe wenye upana wa mita 1.8. Ni wa kioo kweli, lakini fremu yake, pedi zake na wapiga picha waliokaa chini si vya kioo. Ukilazimika kukaa upande huo, panda juu hadi uone kikapu kilicho mita 3.05 kutoka sakafuni kikiwa chini ya macho yako. Anayependa kusoma mbinu atapafurahia hapo, kwani anaona ulinzi ukifunguka kama kocha anavyouchora ubaoni.

Na kati ya pande mbili ndefu, uchague upi? Kamera kuu ya televisheni hukaa upande mmoja. Ukikaa upande wake utaona mchezo ukienda kushoto na kulia kama ulivyozoea, na mabenchi mara nyingi yatakuwa ng'ambo, yakikutazama, ili uone nyuso za makocha. Mimi ningechukua upande huo.

Tamasha

Hapa ndipo viti vya sakafuni vinawadanganya watu. Sakafu ni bapa. Viti vya sakafuni havipandi hata sentimita moja, na wimbo wa kwanza ukianza watu wote husimama. Jukwaa huwa na kimo cha mita 1.5 hadi 2, basi aliye safu ya 25 sakafuni anamwona msanii kuanzia kiunoni au mabegani, tena kati ya mikono na simu zilizoinuliwa. Mtoto haoni lolote. Usimweke mwanao sakafuni, hata ukipewa punguzo.

Mahali pake ni tabaka la chini pembeni, ambako safu zinapanda na hata watu wakisimama mstari wa macho unabaki. Ila pembe ndiyo kila kitu. Chukua ramani, chora mstari kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa hadi ukutani kila upande. Sehemu zote zilizo nyuma ya mstari huo, au zilizogusana nao, zinatazama ubavu wa msanii, mgongo wa skrini na marundo ya spika. Songa upande ulio mbele ya jukwaa, sehemu mbili au tatu kutoka mstari huo, hadi jukwaa likae mbele yako kwa mshazari na si kando yako. Umbali wa mita 25 hadi 40 hapo ni mzuri sana. Kiukubwa, nyoosha mkono wako mbele: msanii mwenye urefu wa mita 1.75 akiwa mita 25 ataonekana kama kitu cha sentimita 4 mkononi mwako. Akiwa mita 50 ni sentimita 2. Akiwa mita 100 ni sentimita 1, na utakuwa umelipa kutazama skrini.

Sauti nayo ina mahali pake. Tafuta kwenye ramani meza ya fundi wa sauti, ambayo huwekwa sakafuni, katikati, mbali kiasi na jukwaa. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake hapo alipo, kwa hiyo kadiri ulivyo karibu na usawa wake, ndivyo unavyosikia alichokusudia. Kukaa pembeni kabisa karibu na jukwaa ni kusikia nguzo moja ya spika na kukosa nyingine. Besi hutoka kwenye spika kubwa zilizowekwa chini mbele ya jukwaa, na safu za mwanzo huzipata kifuani hadi maneno ya wimbo yanapotea. Nyuma sana kuna tatizo lingine: sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa mita 70 inakufikia sehemu ya tano ya sekunde baada ya midomo kusogea kwenye skrini. Ongeza mwangwi wa kuta na dari, na maneno yanachafuka.

Yazibe masikio ya mtoto, tafadhali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani unaweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, na hicho ni kikomo cha watu wazima wanaokubali kelele. Mnunulie vifuniko vya masikio vya kuvaa kichwani vilivyotengenezwa kwa watoto, avizoee nyumbani kwanza, na msikae mbele ya nguzo ya spika.

Kama tamasha lina jukwaa la katikati linalozungukwa pande zote, kanuni ya mstari inafutika: karibu kila upande ni mzuri, ila kila mtu atapewa mgongo kwa sehemu ya usiku. Uliza pia kama kuna njia ndefu inayotoka jukwaani kwenda katikati ya sakafu. Ikiwapo, viti vya pembeni usawa wa ncha yake hupanda thamani ghafla.

Kwa siku utakayoenda matukio mengine, mambo machache. Mpira wa wavu unafaa kutazamwa kutoka nyuma ya mstari wa kuanzishia, kwa juu kidogo, ambako unaona ukuta wa wazuiaji. Tenisi pia, nyuma ya mstari wa mwisho, la sivyo shingo itauma. Hoki ya barafu ina vipindi vitatu na timu hubadilishana goli kila kipindi, kwa hiyo upande mmoja huona timu ya nyumbani ikishambulia mara mbili. Tafuta upande huo, na ukae kuanzia safu ya 10 kwenda juu ili ukuta na kioo visikufiche sehemu ya barafu iliyo karibu nawe. Ndondi sakafuni ni kosa lilelile la tamasha: ulingo umeinuliwa, kamba zipo, wapiga picha wako ukingoni. Chukua safu za mwanzo za viti vinavyopanda.

Mitego ya jengo

Ukumbi uliojengwa kwa mchezo mmoja haukai sawa kwa mwingine. Barclays Center ya Brooklyn, iliyofunguliwa mwaka 2012, ilisanifiwa kwa mpira wa kikapu. Timu ya hoki ya New York Islanders ilipohamia mwaka 2015, barafu haikukaa katikati ya ukumbi na baadhi ya viti vya upande mmoja havikuliona goli la karibu. Nayo Sphere ya Las Vegas, iliyofunguliwa mwaka 2023, ina skrini kubwa inayopanda hadi juu ya vichwa vya watu, lakini safu za nyuma za sehemu za 100 ziko chini ya tabaka la juu, na dari hiyo huikata skrini. Basi safu tano za mwisho za tabaka lolote lililofunikwa zitilie shaka: hupoteza sehemu ya juu ya skrini, na sauti nyembamba haziwafikii vizuri. Viti vilivyo juu tu ya mlango wa kuingilia hupata uzio mbele na watu wanaopita na vinywaji usiku kucha.

Unaponunua, fungua ramani ya tukio lenyewe, si ya ukumbi kwa ujumla. Picha ya kompyuta inayoonyesha utakachoona kutoka kwenye kiti haina watu waliosimama, haina meza ya sauti wala minara ya kamera, basi ilinganishe na picha halisi ya mtu aliyekaa sehemu ileile kwenye tukio la namna ileile. Usidhani safu A ni ya kwanza: kumbi nyingine huweka AA, BB na CC mbele yake, nyingine nyuma ya Z. Katika kumbi nyingi za Marekani kiti namba 1 kiko upande wa sehemu yenye namba ndogo, lakini hakikisha, kwa sababu kiti cha kando ya njia unachomtafutia mwanao kinategemea hilo. Maneno yanayosema mwonekano una kizuizi yachukulie kwa uzito wake wote, na uulize kinachozuia ni nini. Kamba ya taa ni tofauti na nguzo.

Tamasha likiwa limeisha tiketi nzuri, usikimbilie sakafuni wala kwa walanguzi. Waandaaji hushikilia viti kadhaa mpaka wajue jukwaa, kamera na meza ya sauti vinakaa wapi, na vile visivyozibwa huachiliwa siku chache kabla, mara nyingine siku yenyewe. Vingi viko pembeni, kwenye pembe ileile niliyokueleza. Angalia mauzo rasmi asubuhi na jioni wiki hiyo ya mwisho.

Mkifika, kaeni mapema, mtoto atazame mbele na akueleze anachoona. Kama kuna kitu kimeziba ambacho hakikutajwa wakati wa kununua, piga picha kutoka usawa wa macho yake na umwone mhudumu wa sehemu hiyo kabla tukio halijaanza. Wakati huo bado vipo viti vya kuwahamishia.